Mende Ukutani kwa Dani

Jumamosi, wiki ya pili ya likizo ya Agosti. Manyunyu tangu asubuhi, yale ambayo hayanyeshi wala hayakomi.

Nina kinyaa. Nimetafuta neno zuri zaidi kwenye kamusi niliyoazima shuleni na sijalipata, kwa hiyo nitabaki na hilo. Kinyaa, nacho kina miguu sita.

Amelala chali kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu. Ni mende mkubwa kuliko ndama, na tumbo lake la kahawia ameligeuzia kila gari linalotoka Migori kwenda Isebania. Miguu ameikunja hewani kama mtu anayeomba msamaha. Papasi zake, zile ndevu mbili ndefu, zimepanda mpaka kwenye dirisha la chumba changu, moja kila upande, hivi kwamba nikifungua dirisha asubuhi kichwa changu kinatokea katikati yake. Juu yake wameandika kwa herufi nyekundu: ANAKUFA. HARUDI. Kando yake kuna mkebe wa dawa mrefu kuliko mlango. Jina la dawa sitaliandika hapa. Wameliandika vya kutosha. Lipo mara nne, mojawapo kwenye mlango wa jikoni.

Kwingine kote ni manjano. Si manjano ya ndizi wala ya alizeti. Ni manjano ya usaha.

Samahani, lakini niliahidi kwamba hapa nitasema kweli. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani tunaongea Kijaluo, Kiingereza ni cha mtihani, na Kiswahili kwa watu wa hapa ni cha sokoni na cha kumjibu askari wa barabarani. Hakuna wa kwetu atakayekuja kukisoma kwa kupenda. Kwa hiyo nimejificha ndani yake, kwenye simu ya Mama, chaji ikiwa imebaki kidogo.

Nyumba hii ina umri mkubwa kuliko Baba. Aliijenga babu yangu ambaye sikumkuta. Kuta zake ni za udongo uliokandikwa kwenye fito, paa ni mabati yaliyogeuka rangi ya chai. Dani anakaa chumba cha kona, upande wa nyuma, chenye mlango wake wa nje. Dani ni bibi yangu, mama yake Baba. Ndivyo tunavyowaita mabibi kwa lugha yetu.

Kila Disemba, mvua zikipungua, Dani huipaka nyumba upya. Udongo mweusi huutoa mtoni. Mwekundu huutoa kwenye kichuguu nyuma ya shule ya msingi. Wa kijivu unatoka kwao Kisegi, kule ziwani, na Mama humletea mfuko mmoja kila anapokwenda huko kununua omena, dagaa wa huko, za kuuza. Anauchanganya na samadi ya ng'ombe mpaka unakuwa kama uji wa mgonjwa, anapaka kwa kiganja, kisha kabla haujakauka anachora. Anachora kwa vidole vitatu, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki, kutoka mlango wake kuzunguka nyumba nzima. Hapa na pale anaweka mstari mmoja mnene wa wima, kwa kidole gumba.

Nilikuwa namsaidia. Nilipofika darasa la sita nikaanza kusema nina kazi ya shule.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Kufikia Agosti, nyumba iliyopakwa Disemba inakuwa imechoka. Matone ya mvua yamerusha matope mpaka usawa wa magoti, kuku wamedonoa pembeni, na ufa umeshuka kutoka dirishani kama chozi. Nyumba yetu iko kando ya lami kabisa. Kila mwenzangu wa shule anayepita anaiona. Kidato cha pili tulipewa insha, "Nyumbani Kwetu." Niliandika nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo na ua la waridi mlangoni. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Nilipata alama za juu kuliko wote kwa nyumba isiyokuwepo.

Sasa niko kidato cha tatu, na kikundi chetu cha kusoma, wasichana watano, huzunguka nyumba kwa nyumba wakati wa likizo. Alhamisi ijayo ni zamu yetu. Nimekuwa nikiihesabu siku hiyo kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ndipo yule kijana akaja.

Alikuja wiki mbili zilizopita, amevaa fulana ya kampuni na kadi shingoni. Baba alikuwa ametoka kibandani kwake sokoni, anakotengeneza baiskeli na pikipiki, mikono bado ina grisi.

"Mzee, nyumba yako imekaa pazuri sana," kijana akamwambia. "Tutaziba nyufa, tutapaka rangi pande zote nne, bure. Wewe unatupa ukuta tu."

"Na mimi nitabaki na nini kama nimewapa ukuta?" Baba akauliza.

Kijana akacheka. Baba hakuwa anatania.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Baba anasoma Biblia ya Kijaluo bila kujikwaa, lakini Kiingereza cha fomu humchosha macho. Alinipa karatasi. "Soma, nyara," akasema, yaani binti yangu, na akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba ni yeye atakayeishika.

Nilisoma nimesimama. Namba moja, kampuni itasafisha kuta. Namba mbili, itaziba nyufa. Nilitafsiri kwa Kijaluo, polepole, kwa sauti ambayo shuleni sina. Nilijiona mtu wa maana. Tatu, nne, tano.

Namba sita ilisema kampuni itachagua rangi na picha, kwamba picha inaweza kuenea ukuta mzima, na kwamba mwenye nyumba hatafuta, hatafunika wala hatabadilisha chochote kwa miaka miwili.

Macho yangu yaliisoma. Mdomo wangu ukaenda namba saba, iliyohusu ngazi za mafundi.

Niliiruka.

Sikukosea wala sikusahau. Nilimjua Baba: angesikia "hatabadilisha chochote" angeikunja ile karatasi na kumrudishia kijana kwa heshima. Nami nilitaka rangi. Nilifikiri picha itakuwa ndogo, labda mkebe mmoja kwenye kona. Nilifikiri wasichana watano watafika na kukuta nyumba inayong'aa. Baba akatia sahihi, herufi moja moja, kama anayekaza nati.

Baadaye alimwambia Dani kwamba watu wanakuja kuipaka nyumba. Dani akauliza rangi gani. Baba akasema kijana alitaja manjano.

"Hapa karibu hakuna udongo wa manjano," Dani akasema. "Watautoa wapi?"

Tulicheka, mimi na Baba. Sikuona kitu cha kufikiria katika swali hilo.

Mafundi walifika Jumatano. Mkubwa wao anaitwa Mwita, Mkuria wa Ntimaru, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani. Kabla ya kupaka ilibidi wakwangue. Mwita alisimama mbele ya ukuta wa Dani na skrepa mkononi, asianze.

"Nani amechora hii?"

"Bibi," nikasema.

"Bado yuko?"

"Yuko jikoni."

Aliangalia jikoni, akaangalia ukuta. "Mimi mama yangu nikimkwangulia ukuta namna hii, siku hiyo nalala na mbuzi." Akavuta kofia. "Lakini mimi nimetumwa, dada. Sogea vumbi lisikuingie."

Vumbi lilianguka jekundu, jeusi, kijivu. Kuku walikuja kuoga ndani yake. Jiko letu liko nje, hatua chache kutoka nyuma ya nyumba, na Dani alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akipukuchua mahindi. Sauti ya skrepa ilimfikia.

"Wanakwangua nini, nyakwara?" Nyakwara maana yake ni "mjukuu wangu".

"Wanasafisha, Dani."

Aliendelea kupukuchua, ila niliona kwamba gunzi lilikuwa limeisha punje na vidole vyake bado vinalizunguka.

Mende alichorwa Jumatano mchana. Nilianza kuona miguu nikadhani ni matawi ya mti. Nilishukuru. Nikasema moyoni, afadhali wamechora mti.

Mama alirudi kutoka Kisegi Alhamisi. Alishuka barabarani na gunia la omena kichwani, akasimama ng'ambo bila kuvuka. Alisimama sana. Kisha akavuka, akalishusha gunia, akamtazama Baba.

"Nimeondoka siku tatu tu, na wewe umeniolea mke mwenza mwenye mabawa."

"Ni rangi tu," Baba akasema.

"Rangi haina miguu, Ochieng'."

Mama hucheka akikasirika, kwa hiyo jirani walicheka naye. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo Baba anaingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma. Alhamisi hiyo hiyo aliniuliza, akinawa mikono, bila kunitazama: "Yule kijana hakusema habari ya picha. Wewe uliisoma yote, nyara?"

Nikasema ndiyo.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Kufikia jana stejini kwetu kulikuwa na jina jipya. Abiria wanamwambia mwendesha boda, "Nishushe kwa Mende." Nilipokwenda dukani kununua chumvi, mmoja wa wale vijana wa boda, Oti, ambaye hajawahi kunisemesha maishani, aliita kwa sauti ya kutosha barabara nzima: "Nyar Mende! Mzee ameamka, ama bado amelala chali?" Nyar Mende, binti wa Mende. Wote walicheka. Nilisahau chumvi. Nilirudi na pesa mkononi nikamwambia Mama imeisha dukani.

Ningetamani hayo yangekuwa ndiyo mabaya ya jana.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai. Nilitoka kumwaga maji nikamwona Dani kando ya lami. Si kando ya nyumba. Kando ya lami, miguu ikiwa kwenye changarawe, mkono wa kulia umenyooshwa mbele, kiganja wazi, kama anayetafuta mlango. Lori la miwa lilipita likamvuta leso. Yeye akasogea mbele hatua moja.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka tu mkono wake ndani ya wangu, mwepesi na mkavu.

"Jiko limehamishwa?" akauliza.

"Hapana, Dani. Uko barabarani."

Nilimrudisha mpaka kwenye ukuta, akaweka kiganja kwenye ile rangi, akakipitisha juu, chini, juu. Rangi ya mafuta ni laini kama sahani.

"Nimeutafuta mstari," akasema. "Nimeutafuta mpaka nyumba ikaisha."

Hapo ndipo aliponieleza. Tulijua kwamba macho yake yana wingu, lakini yeye husema anaona vya kumtosha, na alikuwa akitembea, akipika, akitutuma, tukaamini. Haoni. Ameacha kuona tangu Disemba nne zilizopita, labda tano. Anaona mwanga na giza, basi. Magamba ya samaki yanamwambia: endelea. Mstari wa kidole gumba unamwambia: hapa achia ukuta, nenda mbele. Mmoja unampeleka jikoni, mwingine chooni, mwingine kwenye baraza anapoota jua. Kila Disemba amekuwa akivizamisha vidole ndani zaidi.

Nilidhani ni mapambo.

Miaka yote hiyo nilipita kando ya ukuta ule na vitabu vyangu kifuani, mimi ambaye naitwa msomaji, na sikuwahi kuusoma.

"Usimwambie baba yako," Dani akasema. "Ataniweka kwenye kiti. Nimeona wazee wanavyowekwa kwenye kiti. Wakishakaa hawainuki." Nikaahidi. Nina ahadi nyingi wiki hii.

Leo, basi.

Baba alikwenda kibandani mapema. Mama alikuwa ndani akigeuza omena zisivunde kwa unyevu. Nilichukua mfuko wa udongo wa kijivu aliouleta Mama, nikaokota samadi kwa jirani, nikakanda kwa mikono miwili kwenye karai. Harufu yake nilikuwa nimeisahau. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa yule mende sikukiona kwa samadi, na hilo lilinishangaza. Nikapaka ukanda wa upana wa kiganja juu ya ile manjano, kuanzia mlango wa Dani. Ulishika. Nilifurahi kwa muda wa kuchemka chai. Kisha ukateleza wote kwa pamoja, kama ngozi ya maziwa kwenye kikombe, ukaanguka miguuni mwangu.

Nilipaka tena. Ukaanguka tena.

"Utapaka mpaka Krismasi," mtu akasema nyuma yangu. Alikuwa Mwita, amekuja kuchukua ngazi yake. "Udongo haushiki rangi ya mafuta, hata uubembeleze. Lazima ufike kwenye udongo mwenzake."

Sikuzoea kuwaeleza watu mambo, lakini nilimweleza huyu, pengine kwa sababu ni mgeni. Nilimwambia kuhusu jiko na lori. Sikumwambia kuhusu namba sita. Alisikiliza akiwa ameegemea ngazi, kisha akatoa skrepa kwenye mfuko wa koti na kuiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mimi naondoka na ngazi," akasema. "Nikifika nyumbani nikikosa skrepa, nitajua nimeisahau mahali. Mimi ni mtu wa kusahau." Akafunga ngazi kwenye boda, akapanda, akashika ncha yake moja. Alipofika barabarani akageuka: "Kwangua kwa pembe, si kwa bapa. Utaokoa mkono."

Nilikwangua kwa pembe. Manjano ilitoka vipande vipande kama magamba ya kweli. Chini yake udongo wa Dani ulikuwa umejeruhiwa lakini ulikuwepo. Dani alisikia sauti akatoka.

"Sasa nani anakwangua?"

"Mimi."

Alikuja mpaka nilipo akapima urefu kwa mkono wake. "Shusha kidogo. Mimi si twiga." Kisha akaomba kigoda na karai. Nilikwangua nikitangulia, nikamlowanishia udongo uliobaki, naye akanifuata akipaka na kuchora, vidole vitatu, vidole vitatu, gumba. Nilitaka kuishia upande wa nyuma. Ndiko kwenye jiko.

"Zungusha nyumba yote," akasema. "Nikipotea, nipotelee ukutani."

Ukuta wa mbele, mbele ya barabara, mchana, Jumamosi, siku ya soko. Mimi ninayevuka uwanja wa shule kwa kupita nyuma ya madarasa. Nilisimama mbele ya tumbo la mende na skrepa na nikahisi kila gari lina macho. Nikaanza. Ukanda ulipita katikati yake kabisa, chini ya miguu ile ya kuomba msamaha.

"Nyar Mende!" Oti akaita kutoka stejini. "Unamchinja?"

Sijui jibu lilitoka wapi. "Namkata kiuno," nikasema. "Njoo uchukue paja."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimegeukia upande mwingine. Oti mwenyewe alipigwa kofi la mgongo na wenzake. Nami nikaendelea kukwangua.

Dani alipofika hapo alisimamisha vidole. Rangi ya mende ni nene kuliko nyingine, waliirudia mara tatu. "Hapa pana nini?"

"Mende, Dani. Wamechora mende."

Alifikiri. "Mzima?"

"Amekufa."

"Basi hatajali," akasema, na akaendelea.

Tulikuwa tumebakiza upande mmoja wakati Baba aliporudi. Manyunyu yalikuwa yamefukuza wateja. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikuja kwa mbele, nadhani kwa sababu alituona. Alisimama na baiskeli yake mkononi akaangalia ukanda, akaangalia skrepa, akaangalia mimi.

"Nilitia sahihi, Akinyi," akasema. Hakupaza sauti. "Kijana anakuja Jumatatu kupiga picha za kazi. Mimi nitamwambia nini? Jina langu liko pale."

Nilikuwa na njia nyingi za kusema. Niliziona zote, jinsi unavyoona majibu manne ya swali la kuchagua. Ningeweza kusema kijana alitudanganya. Baba tayari aliamini hivyo. Nilitazama grisi kwenye vidole vyake nikakumbuka alivyoikaza ile sahihi.

"Baba, kuna mstari sikukusomea."

Aliegemeza baiskeli. Aliniambia nilete karatasi. Tukakaa barazani, yeye, Dani akiwa na udongo unaomkauka mikononi, na Mama aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo. Aliniambia nisome yote, kuanzia namba moja, kwa Kijaluo, kila neno. Nilisoma. Nilipofika namba sita nikashusha sauti.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia, mama yangu asikie."

Nikarudia mara ya tatu. Kisha akaniuliza kwa nini, na nikamwambia. Nikamwambia kuhusu wasichana watano. Nikamwambia kuhusu insha na nyumba ya matofali na ua la waridi.

Baba aliyatazama malori mawili yakipita.

"Kwa hiyo ulimwonea aibu bibi yako," akasema, "ukatuletea mende."

Nimeandika neno kinyaa mara kadhaa hapo juu. Ningependa kuyafuta yote niliweke hapa peke yake. Mende yule ni rangi. Hakumkana mtu.

Mama alisema jina la Baba polepole, kumzuia. Hakuhitaji, Baba alikuwa amemaliza. Aliinyoosha karatasi kwenye goti akasema atapaka manjano upya kesho baada ya kanisa, kwa mikono yake, kwa sababu mtu haweki jina lake mahali halafu akalikimbia. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nilimtazama Dani, nikakumbuka hawezi kuona kwamba namtazama.

Lakini alisema mwenyewe. "Ochieng', njoo nyuma."

Alimpeleka mpaka mlangoni kwake, mwanaume mzima mwenye watoto, akamshika mkono wa kulia akauweka kwenye ukanda. "Funga macho. Yafunge kweli, usinidanganye kama ulipokuwa mdogo. Sasa nenda jikoni."

Baba alifunga macho. Alitembea vibaya, kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, kiganja kikipita juu ya magamba mabichi. Alipofika kwenye mstari wa kidole gumba mkono wake ulisimama wenyewe. Akasubiri. Kisha akaachia ukuta, akaenda mbele hatua moja, mbili, tano, na kiganja chake kikagusa mlango wa jiko katikati kabisa.

Hakugeuka. Alibaki pale, uso kwenye mlango, mabega yake yakipanda na kushuka. Sisi hatukumfuata.

"Tangu lini?" akauliza, akiwa bado ametupa mgongo.

"Tangu zamani," Dani akasema. "Na sitaki kiti."

Baba alirudi na udongo kiganjani. Hakuunawa. Aliichukua skrepa, akaipima ukali wake kwa kidole kama anavyofanya na vifaa vyote, akaenda kwenye ule upande uliobaki akaanza kukwangua. Alikwangua kwa bapa. Nikamwambia ni kwa pembe. Aliniangalia, akaigeuza.

Tulimaliza kabla ya chai ya jioni. Kabla ya kuingia ndani, Baba alinikabidhi ile karatasi, imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole chake cha kijivu.

"Jumatatu sitakuwa kibandani, nitakuwa hapa," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayeongea na yule kijana. Utamsomea namba sita, umwambie tumeivunja, na umwambie kwa nini. Akitaka kufuta kila kitu, afute. Akisema jina langu ni baya, nitalisikia nikiwa nimesimama."

Kwa hiyo sasa nimekaa chini ya dirisha langu, kati ya ndevu mbili, nikiiogopa Jumatatu. Darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kutoka. Nimejaribu maneno ya Jumatatu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili yanasimama vizuri zaidi. "Kaka, nilikuwa nimeruka mstari." Nitaanzia hapo, kwa sababu baada ya hapo hakuna pa kurukia.

Nyumba bado ni mbaya. Sitaki mtu adhani imependeza. Ni manjano ya usaha yenye mshipi wa udongo, na mende aliyekatwa vipande viwili, na mvua ikizidi kesho tutaanza kupaka tena.

Wasichana wameniuliza kwenye simu Alhamisi wataijuaje nyumba. Mmoja ameuliza kama ndiyo ile ya matofali yenye waridi. Nimekaa na ujumbe huo tangu saa kumi. Sasa nimejibu.

Nimewaambia washuke kwa Mende.